Mwambie Mama Ajilaze Kitandani

Genkuru, Tarime

Dada yangu Kulwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu Mama, halafu shemeji, na kama hapo Nzega kuna mwenye homa basi ipoe kabla hujamaliza kusoma. Mimi nipo, natembea. Barua hii nimempa kondakta wa basi kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na lolote likisikika hapo linamfikia mke wangu Bhoke. Hili asilisikie.

Dada, kile kisima nilichokichimba peke yangu pembeni ya nyumba, ambacho wachimbaji sita walishindwa mwamba wake, kina zebaki.

Usiseme "ameanza". Alikuja huku binti wa chuo kikuu kupima maji ya visima. Akatafuta mwenyeji wa kumzungusha, angempata nani zaidi yangu? Ana kifaa kidogo kama redio ya mfukoni, kinaunganishwa na simu. Anachovya kijiti kwenye maji, na ncha ya kijiti imepakwa chembe za dhahabu ndogo mno, hata mimi ninayeiona dhahabu ndani ya jiwe kabla halijavunjwa sikuziona. Umeme kidogo unapita, kwenye simu unatokea mstari. Maji yakiwa safi, mstari umelala. Zebaki ikiwemo, unainuka nundu kama ya ng'ombe.

"Binti," nikamwambia, "hapo hujanifundisha kitu. Zebaki na dhahabu zikikutana haziachani. Sisi tunainasa dhahabu kwa zebaki, wewe umegeuza, unainasa zebaki kwa dhahabu."

Akacheka. "Mzee, wanafunzi wangu walichukua wiki nzima kuelewa hilo."

Kuanzia hapo naitwa Profesa.

Visima viwili vya kwanza mstari ukalala. Nikasema sasa twende kwangu ukaone maji yenyewe. Nikaita na majirani washuhudie. Akachovya, nundu ikasimama. Nikasema kifaa kimechoka. Akaweka kijiti kipya, nundu ile ile. Nikamwambia Bhoke ayachemshe, nikayachuja kwa kanga, yakapoa, akachovya tena. Haikupungua.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mzee. Huyu si kijidudu."

Akatazama juu ya kisima, pale tunapooshea mchanga kwa zebaki, tope likishuka kila mvua. Halafu akatazama tumbo la Bhoke, la miezi saba. Akaniita pembeni. Akasema zebaki inamharibu mtoto ubongo akiwa bado tumboni, mama aache maji hayo leo, aende kliniki wampime.

Nikauliza, "Na ambayo ameshakunywa?"

Akaanza kufuta kijiti ambacho kilikuwa kimeshakauka. Dada, mimi nimefukiwa na kifusi nikatoka nikiimba, lakini hapo nilikwenda ndani nikaumwaga mtungi wote wa maji.

Majibu akayapeleka ofisi ya kijiji, akaondoka. Nikaanza kuwakataza watu. Jirani yangu Marwa akasema mbele ya wote, "Profesa, juzi ulikutana na chatu shimoni amevaa hereni. Leo maji yako yameota nundu?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisima nimekifunika kwa mabati. Kila asubuhi nayakuta yamewekwa kando na udongo umelowa. Bomba liko mbali, na utamu wa maji haya niliwasifia mwenyewe.

Hata Bhoke. Namnunulia maji ya madumu, nikienda machimbo anakunywa ya kisimani. "Si wewe uliyesema yanatibu tumbo? Nimeyanywa tangu mwanzo, sijaugua hata mafua." Kwao Nkende hataki kwenda, anasema watadhani nimemfukuza.

Basi jana nikamwambia Mama yuko kitandani, hali si nzuri, analitaja jina lake. Hakuuliza hata swali moja. Akaanza kukunja nguo. Ukweli niliusema mpaka koo likakauka, haukumtoa hata mlangoni.

Anapanda basi Ijumaa. Kwa hiyo Mama ajilaze. Najua atagoma, atasema anajiitia maradhi. Mwambie ni kwa ajili ya mjukuu wake. Asikohoe sana, Bhoke ana macho. Apate nafuu kidogo kidogo, ila asipone mpaka mtoto azaliwe. Wewe mpeleke kliniki, na habari ya zebaki uwanong'oneze wauguzi. Mimi nabaki, maana nikiondoka hakuna hata wa kuyarudisha mabati.

Msalimie shemeji na cherehani yake. Shangazi anayeuza karanga stendi msalimie pia, lakini asimwone Bhoke kabla yako, atamwambia Mama alikuwa sokoni jana. Mama mshikie miguu kwa niaba yangu.

Bhoke akishuka tu, mpe maji ya kwenu anywe, hata kabla hujampokea mzigo.

Ni mimi mdogo wako,
Masanja

Dada, wewe angalau niamini.