Kibofu Kipya cha Baba

Kuwait, 3 Machi 1996

Kwa baba yangu Metwalli,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wanamuulizia babu yao. Mama hajambo? Na mguu wa nyati wetu wa maziwa umepona?

Shangazi Fawqiya ameniandikia. Anasema unakojoa damu tangu Ramadhani, na ukiulizwa unasema umekula bitiruti. Baba, bitiruti gani hizo zisizokwisha? Unajua kichocho cha mifereji yetu kimewafanya nini wanaume wa kijiji. Nenda hospitali mjini, tafadhali.

Binti yako,
Insaf

Kijijini, 21 Machi

Mwanangu Insaf,

Waaleikum salaam. Mama yako mzima, na nyati anatembea vizuri kuliko mimi. Fawqiya ana mdomo, lakini safari hii hakudanganya. Nimekwenda. Ni saratani ya kibofu, na wanataka kukitoa chote.

Ami yako Sabri walimtoa chake, wakaiunganisha mirija ya figo na utumbo mpana. Mkojo ukawa unarudi juu. Homa juu ya homa, mpaka figo zikafa, naye akafa. Mimi ndiye niliyemwosha. Wengine wanatundikiwa mfuko ubavuni. Mimi naswali safu ya mbele, nitasimamaje na mfuko wa mkojo? Niache nivune ngano yangu. Usilie.

Baba yako

Kuwait, 9 Aprili

Baba,

Asalaam aleikum. Hali yako siiulizi, umeshaniambia. Barua yako nimeisomea jikoni na mboga ya mlokhia imeungua, watoto wamekula mkate na jibini.

Daktari ulimsikiliza, au ulimkatiza? Alipokuja mchumba wangu wa kwanza ulinikataza kusema hapana kabla hajamaliza kuzungumza. Basi na wewe rudi, umwulize jambo moja tu: mkojo usirudi kwenye figo, mnafanyaje? Akishindwa kujibu, vuna ngano, sitakusumbua tena. Akijibu, ukubali kupasuliwa.

Binti yako,
Insaf

Hospitali, 30 Juni

Mwanangu,

Salaam nyingi. Usishangae mwandiko, naandika nimelala. Nipo hai.

Nilimpelekea swali lako daktari Hossam, mwenye upara na maneno machache. Akavuta kiti, akanishika kiunoni. 'Suruali yako ina utepe, haji? Umepita ndani ya pindo?'

'Umepita.'

'Basi. Tunakushonea kibofu kwa kipande cha utumbo wako mwembamba, hapo hapo pa zamani, ukojoe kama wanaume wengine. Mirija ya figo tunailaza ndani ya pindo la huo utumbo. Kibofu kikijaa, kinaibana. Mkojo unashuka, kupanda haupandi.'

'Na nikisukuma kwa nguvu?'

'Ndipo kinapobana zaidi.'

Nikasaini, mwanangu. Sasa najifunza kukojoa upya, uzee huu. Kibofu hiki hakiniambii kimejaa, inabidi saa ya kengele iniambie. Mara nyingine nalowesha godoro. Mama yako anacheka kwanza, ndipo anabadilisha shuka.

Ila kama pindo limeshika, bado hawajajua. Watapiga picha.

Baba yako

Kuwait, 20 Septemba

Baba,

Asalaam aleikum. Hamjambo? Barua zangu mbili hujazijibu. Shangazi Fawqiya naye kanyamaza, na yule hanyamazi bure. Ni homa? Niambie hata kama ni mbaya. Nikikosa jibu mwezi huu nakuja.

Insaf wako

Kijijini, 12 Oktoba

Insaf, mboni ya jicho langu,

Salaam kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu. Huku wazima wote, na neno wazima naliandika nikijua maana yake.

Homa ilikuja kweli. Nikasema ndiyo ile ya Sabri, nikamkataza kila mtu kukuandikia. Wakanirudisha hospitali, wakakijaza kibofu dawa inayong'aa kwenye picha mpaka nikaona kinapasuka. 'Sukuma, haji,' Hossam akasema. Nikasukuma mpaka masikio yakavuma. Akatazama kioo cha mashine ya picha, akamwita mwenzake naye atazame. Nikajua nimekwisha.

Kisha akanigeuzia kioo. Kibofu kinang'aa kama mwezi, na juu yake giza tupu. 'Hakuna hata tone lililopanda,' akasema. 'Figo zako safi. Hiyo homa ni ya kifua.' Mama yako akapiga vigelegele mle mle, na hakuna aliyemnyamazisha.

Wiki iliyopita Hossam aliniomba nimwone mvuvi mmoja wa ziwani, Shahhat, aliyekataa upasuaji na kugeukia ukuta. Sikumhubiria. Niliagiza chai, nikanywa glasi baada ya glasi, tukazungumzia bei ya samaki. Saa yangu ilipolia nikamwambia, 'Nisindikize.' Nikamsimamisha nje ya mlango wa choo, nikafanya kazi yangu bila haraka.

Nilipotoka alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza bado.

'Hiyo yote ni yako?' akauliza.

'Yangu. Na sikuikojoa nimekaa.'

Jana wamempasua. Mkewe, niliyemsimulia lile swali lako, amenituma nikuandikie kwamba amefumbua macho, na neno lake la kwanza ni kuomba chai.

Baba yako