Kope za Bibi Martina

Jumapili, Nambis. Ukungu umekaa mpaka saa nne na hadi sasa vidole vyangu ni vya baridi.

Asubuhi nilikuwa mbele ya kioo nikichora wanja. Ule wa mkia, unaovutwa kufuata ukope kisha unapanda pembeni ya jicho. Mdogo wangu anafanyiwa sendofu Morogoro mwezi wa tisa, na nilishawatangazia nyumbani kwamba nitajipamba mwenyewe. Sijui nani alinituma. Huku hakuna saluni ya mambo hayo, kwa hiyo najifunza kwa simu, kila mwisho wa wiki, miezi minne sasa. Nimejaribu kubandika selotepu. Nimejaribu mgongo wa kijiko. Jicho la kulia linatii. La kushoto lina tabia zake.

Lakini si habari ya wanja inayonikalisha hapa kuandika.

Nimepanga chumba kwa Bibi Martina. Ni mjane anayekaribia miaka sabini, ana ng'ombe mmoja wa maziwa na shamba la maharage nyuma ya nyumba. Nilipoletwa kufundisha shule ya msingi hapa, mwaka jana, ndiye aliyenipokea. Usiku wa kwanza alinipa blanketi lake, maana mimi nilikuwa nimekuja Mbulu na shuka tu.

Naliandika hilo ili ionekane vizuri nilichomfanyia.

Mwezi uliopita kibano changu cha nyusi kilipotea. Nilikitafuta siku mbili. Siku ya tatu nikakikuta jikoni kwa Bibi, juu ya kidirisha, kimelazwa kando ya kipande cha kioo kilichovunjika. Nilikasirika kuliko kitu chenyewe kilivyostahili. Nilimsubiri atoke zizini, nikamwamkia shikamoo vizuri kabisa, akaitikia marahaba, halafu nikamwambia, "Bibi, ukitaka kitu changu uwe unaomba."

Akasimama na ndoo yake mkononi. "Nisamehe, mwalimu. Nilitaka nirudishe kabla hujatoka shule, nikapitiwa."

Jioni aliniletea kibano kimechemshwa kwenye maji, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Nilikipokea. Nikakitia kwenye sanduku na kufunga kufuli.

Halafu nikampigia simu rafiki yangu na kumsimulia kwamba bibi mwenye nyumba wangu anatinda nyusi. Tulicheka sana.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu.

Jumamosi iliyofuata nilitoa kiti nje, kwenye mwanga, nikaanza kazi yangu ya wanja. Bibi akaja na kigoda akakaa karibu. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi kama kawaida, na alikuwa ameyafumba nusu. Nilikuwa nimezoea. Nilidhani ni moshi wa kuni, au ndiyo uzee.

"Haikuchomi hiyo?" akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Unaweka kitu jichoni mwenyewe, kwa kupenda." Alisema kwa mshangao wa kweli, nikacheka. Yeye hakucheka. Akasogeza kigoda, akasema, "Basi nisaidie. Wewe mkono wako hautetemeki. Kuna nywele zinanichoma na siku hizi sizioni."

Nikamwinua kidevu. Nikashika ukope wake wa juu kwa kidole gumba, kama ninavyoshika wangu kila wiki.

Nywele za kope zilikuwa zimegeukia ndani. Zote za upande wa nje, na nyingine zilikuwa vipande vifupi vilivyokatika. Kila alipopepesa zilikwangua jicho. Juu ya mboni kulikuwa na weupe, kama pumzi iliyoganda kwenye kioo.

Miezi minne nimejifunza mstari wa kope. Ninajua uanzie wapi na uishie wapi. Na mtu ninayemwamkia kila asubuhi sikuwahi kumtazama jicho hata mara moja.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu baba Yasinta yuko hai. Yeye ndiye alikuwa ananing'oa, Jumapili, kabla ya kanisa. Alikuwa na vidole vikubwa lakini alikuwa anajua. Alipokufa akawa ananing'oa Yasinta. Yasinta akaolewa Endasak. Basi nikawa najing'oa mwenyewe, na majivu kidogo ili zisiteleze."

Kumbe ndipo alipokiona kibano changu.

Nilienda kufungua sanduku. Nilimng'oa nywele tatu tu, nikashindwa kuendelea. Nikamwambia lazima twende hospitali mjini.

Alikataa. Alikataa siku tano. Kuna mzee jirani aliyewahi kwenda kufanyiwa macho akarudi haoni, na hakuna aliyekumbuka kwamba alikwenda akiwa haoni tayari. "Mungu akinipofusha, sawa," Bibi aliniambia. "Kwa mkono wa daktari, hapana." Nilipoendelea kubishana ndipo akatoa sababu yenyewe. "Wakinifunga macho, nani atakamua ng'ombe?"

"Mimi."

Alizitazama kucha zangu zilizopakwa rangi. Nadhani alikubali kwa sababu alitaka kuona.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku mbili. Tulikwenda kwa bodaboda, Bibi katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, amevaa koti la marehemu mumewe. Muuguzi wa macho alimwamkia, akamgeuza ukope, akasema mara moja, "Hivi ni vikope." Akanieleza kwamba ugonjwa huanza utotoni. Macho yanakuwa mekundu, yana tongotongo, yanapona na kurudi, yanapona na kurudi, hata ukope unapata makovu na kujikunja kwa ndani. Ule weupe hautatoka, alisema, lakini wakirekebisha ukope hautaongezeka. Wangeweza kufanya macho yote siku moja. Bibi akasema moja kwanza. La kulia. Ili akidanganywa abaki na lingine.

Nilikaa kwenye benchi nje. Nilikuwa najiambia kwamba likiharibika jicho hili, ni mimi niliyelileta. Sijawahi kuomba kama nilivyoomba pale.

Alitoka akitembea mwenyewe, bandeji jichoni, mkono wa muuguzi begani. "Nilidhani wataanza sasa," akaniambia, "kumbe wamemaliza."

Jioni hiyo nilikamua ng'ombe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Bibi alikaa kwenye kigoda na jicho lake moja akinifundisha. "Usimvute hivyo, hiyo siyo kengele." Nilipata vikombe viwili na teke la paja. Kesho yake bandeji iliondolewa, lakini nilikamua siku nane zaidi, kwa sababu aliambiwa asiiname moshini wala asijiguse na mikono ya zizi. Siku ya tisa ng'ombe alitulia. Au alinionea huruma.

Nyuzi zilitolewa Alhamisi.

Leo asubuhi nilipomaliza wanja nilitoka nje. Bibi alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, jicho la kulia wazi kabisa kwenye mwanga, halina hata chozi. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia nilichokuwa nakibeba. Kwamba siku ile ya kibano nilimkosea. Kwamba nilimcheka kwa rafiki yangu.

Aliendelea kuchambua. "Mlisema ninatinda nyusi?"

"Ndiyo, Bibi."

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akanitazama kwa muda. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo.

"Wa kushoto umepanda kuliko wa kulia," akasema.

Ni kweli. Nilirudi kwenye kioo nikaona.

Nimemwomba ruhusa kuandika haya. Akauliza watasoma kina nani. Nikasema watu ambao wengi siwajui. Akasema, basi hao hawana shida. Jicho la kushoto amesema litasubiri maharage yavunwe. Nimemwambia maharage yana wiki tatu, nami nahesabu.

Kitu kimoja hakinitoki. Huanza utotoni, muuguzi alisema. Darasa langu la pili lina msichana anayekaa mstari wa mbele, anafikicha macho tangu muhula uanze. Nimekuwa nikimwambia atoe mikono usoni, aache mchezo, aangalie ubaoni. Wiki iliyopita nilimsimamisha kwa ajili hiyo hiyo. Alisimama akifikicha.

Kesho Jumatatu. Kabla ya kengele ya mstarini nitamwita kando, penye mwanga, nimwombe anitazame.