Gari Juu, Mama Mkwe Chini

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Ng'ombe watatu kabla ya chai ya asubuhi. Wa tatu nimemkosa. Kijipu changu, kigari cha kazi, kilikaa tena juu ya lile tuta la katikati ya barabara, chini kidogo ya kituo cha kuuzia majani chai. Malori yamechimba mifereji miwili, magurudumu yangu yakaingia humo, difu, lile bonge la gia chini ya gari, ikalala juu ya tuta kama kuku anayeatamia. Wachumaji waliweka vikapu chini wakanisukuma. Wanacheka siku hizi wakiniona naja.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa sindano, na ng'ombe akiwa kwenye joto hangoji mtu. Nilipofika, mwenye ng'ombe alinipa kiti akaendelea na kazi zake. Heri angenitukana. Nimerudi nyumbani na matope ndani ya soksi. Nimechoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku ya kidonda. Mama mkwe ana ugonjwa wa sukari, na vidole vya mguu wa kushoto vimeoza kidogo kidogo tangu Krismasi. Kila Alhamisi lazima vikasafishwe hospitalini. Daktari wa watu hakuzunguka: akikosa kusafishwa, mguu utakatwa.

Utaratibu ni ule ule. Nasimamisha gari mbele ya nyumba yake, nashuka, naenda nyuma kutazama majani chai. Rael mke wangu anamshika mama yake kiunoni, anampandisha. Mlango ukifungwa ndipo narudi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata mkono hatupeani, na jina lake silitaji hata hapa. Kioo cha ndani nakigeuzia dirishani ili tusitazamane. Wengi wa rika langu wameyaacha mambo haya wakisema wameokoka. Yeye aliokoka kabla yao wote na hajaacha.

Akitaka kuniambia kitu anamwambia ndama wake, nikiwa karibu nisikie. Nami namjibu ndama. Tumeishi hivyo miaka mingi bila kugombana, jambo ambalo siwezi kusema juu ya ndugu zangu.

Leo tumekwama kwenye tuta. Tulipofika, nesi wa vidonda alikuwa ameshafunga chumba. Rael akambembeleza, akafungua kwa hasira. Alisema siku nyingine hatafungua. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi na ufito wake wa kuchumia chai, anaouegemea akitembea, umelala mapajani, anatazama sakafu. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyechimba ile barabara.

Jumamosi, 20 Aprili

Kedowa, kwa Njoroge fundi. Alikuwa na gereji Kipkelion, akahama mwaka ule wa fujo za kikabila akaanza upya hapa kando ya barabara kuu. Anaongea kuliko anavyofunga nati, lakini magari yake hayarudi.

Nimemweleza nataka gari lipande. Macho yakamng'aa. Njia ni tatu. Ya kwanza, vile vyuma vinavyoshika ncha za springi anaweka virefu zaidi. Gari linapanda kidogo tu. Ya pili, anaongeza mabamba ya springi kutoka pikapu. Linapanda vya kutosha, lakini linakuwa gumu kama mkokoteni. Ya tatu ndiyo anayoitaka yeye: springi sasa ziko chini ya ekseli, anazihamishia juu yake. Linapanda sana na springi zinabaki laini vilevile.

"Daktari, hii gari ikikaa chini ni ya kwenda kanisa," akaniambia. "Tupandishe mpaka tuta ikuogope."

Nimemwambia nitafikiri. Yeye tayari alikuwa ameanza kutafuta spana.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya ibada kila mtu alikuwa fundi. Mmoja anataka mabamba, mwingine anataka matairi makubwa, wa tatu anasema niuze ninunue punda. Penye majogoo wengi hakukuchi mapema, basi nimewaacha palepale nikaenda kwenye tuta na mpini wa jembe.

Nimepima tuta. Nimepima difu kutoka ardhini. Nimepima mifereji. Vyuma virefu peke yake, difu itagusa bado. Mabamba ya pikapu yatapita, lakini kila shimo litapiga mguu wa mama mkwe mpaka hospitalini. Nilimwona Alhamisi jinsi anavyouma meno, kabla sijakumbuka kugeuza kioo. Hapana. Ni njia ya tatu. Juu na laini. Nimeichagua kwa ajili yake, na nimefurahi kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatano, 24 Aprili

Gari limetoka. Njoroge alizunguka mara mbili akilitazama kama bwana harusi. Usukani ni mzito kidogo, kwenye kona linayumba. Lakini nimepita juu ya tuta bila kusikia kitu. Nikarudi nyuma nikapita tena. Wachumaji walisimama kutazama. Mmoja akapiga makofi.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumefika hospitalini mapema kuliko nesi mwenyewe.

Kumpandisha kulichukua muda. Nikiwa nyuma nilisikia Rael anahema na kusema "tena, Mama, tena". Niliendelea kutazama majani chai. Rael hakusema neno njiani. Nilidhani anafurahia safari.

Jumatatu, 6 Mei

Shule zimefunguliwa. Rael amerudi darasani kufundisha, ng'ambo ya bonde, anaondoka kabla sijaamka vizuri. Mwalimu mkuu hatoi ruhusa ya Alhamisi. Nimemwambia asijali, gari sasa linapita popote, mimi mwenyewe nitampeleka mama yake. "Atapandaje?" akauliza. Nilisema tutaona. Mvua haijaacha hata siku moja.

Alhamisi, 9 Mei

Hatukuenda.

Nilisimamisha gari, nikashuka, nikaenda nyuma kama kawaida. Nikangoja. Nilisikia ufito ukigonga mlango, kisha kimya, kisha pumzi. Ukagonga tena. Niligeuka. Mtu hapaswi kugeuka, lakini niligeuka. Alikuwa ameinua mguu mzima, haukufika. Akajaribu ule mbovu, akashika mlango, akabaki hapo ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Ilikaa mfukoni.

Nilikimbia kwa majirani. Ni siku ya kuuza majani, wanawake wote wako kituoni. Niliporudi na kreti ya chupa nikaiweka mlangoni pa gari, alikwisha kugeuka kurudi nyumbani. Aliitazama ile kreti kwenye matope, nayo ilikuwa inazama.

Akamwambia ndama: "Wewe, waambie watu wa magari wamejenga nyumba nzuri wakasahau ngazi."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Nimepima tuta, nimepima difu, nimepima mifereji. Mguu wake sikuupima. Ningeupimaje? Nani angeenda kumuuliza mama mkwe mguu wake unainuka mpaka wapi? Swali lenyewe halina mdomo wa kuliuliza. Na Rael aliona tarehe ishirini na tano akanyamaza, maana nilikuwa nimejaa sifa.

Ijumaa, 10 Mei

Rael hajanisemesha tangu jana jioni. Chakula kimewekwa, kimefunikwa, basi. Nimemwambia nitampata kijana wa nguvu ambebe mama. Hapo ndipo aliponisemesha. Alisema mama yake si gunia la majani, na hatabebwa na vijana wa watu akiwa na akili zake. Kweli. Nilijua nilipokuwa nalitamka.

Nina hasira na Njoroge, na barabara, na malori. Wote hawana kosa. Hasira inarudi nyumbani kwa mwenyewe.

Jumapili, 12 Mei

Mvua. Ng'ombe mmoja. Rael amemsafisha mama yake kidonda kwa maji ya chumvi. Anasema kimebadilika rangi, na chumba cha vidonda ni hadi Alhamisi. Sikula.

Jumanne, 14 Mei

Nimetoka hospitalini sasa hivi. 

Nilipita kwa mama mkwe saa nne nikitoka kwa ng'ombe, kwa sababu Rael aliniomba nipite. Ndama alikuwa analia, hajafunguliwa. Nikaita kutoka uani. Akajibu neno lisiloeleweka. Mlango ukafunguka, akatokea ameshika fremu, macho mekundu, anatetemeka kwa homa. Harufu ya mguu ilinifikia pale nilipokuwa.

Nikapiga kelele kuita majirani. Mvua juu ya mabati ilimeza sauti. Kumfuata Rael ng'ambo ya bonde na kurudi ni nusu siku kwa barabara ile. Sikuwa na nusu siku.

Kando ya lango lake maji yamekata mtaro mkubwa, na juu ya mtaro ni ukingo wa shamba la chai. Nikarudisha gari nyuma, nikaliingiza mtaroni zima zima, ubavu ukakwaruza udongo. Mlango wa gari ukawa karibu usawa na ukingo. Karibu tu. Ilibaki hatua moja, na chini ya hatua hiyo maji yanakwenda kasi.

Alielewa kabla sijasema. Alikuja polepole kati ya vichaka, akiegemea ule ufito. Ni ufito ambao wachumaji huulaza juu ya kichaka wasichume chini ya mstari, na amekuwa nao tangu Rael akiwa mdogo. Akasimama ukingoni. Mimi nilikuwa ndani ya gari, nimepiga magoti juu ya kiti, mikono iko wazi, na sikujua niifanyie nini. Nilikuwa tayari kumshika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa tayari, na nilikuwa naogopa kumwaibisha akiwa anakufa.

Akanyoosha ufito mpaka ukanigusa kifuani.

"Shika huko," akasema.

Kwangu. Si kwa ndama. Ni maneno ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu nilipomwoa binti yake.

Nikashika ncha yangu, yeye akashika yake kwa mikono miwili. Nikageuza uso nikatazama usukani. Nikavuta. Uzito wake wote ukapita kwenye kile kijiti, nikasikia nyuzi zake zikilia, nikaomba Mungu kisivunjike. Kisha kiti cha nyuma kikalia. Alikuwa ndani.

Gari likatoka mtaroni lenyewe. Kabla halijapandishwa lisingetoka. Tuta tulilipita bila kuligusa. Sijui kama nimshukuru Njoroge au nimlaani.

Alhamisi, 16 Mei

Vidole viwili vimekatwa. Mguu umebaki. Daktari alisema ingepita wiki moja zaidi angekata chini ya goti.

Rael alilia kwenye korido, kisha akaniegemea. Nilimwambia vile vidole viwili ni juu yangu. Hakunikatalia. Alisema tu kwamba mama anaulizia ufito wake, manesi wameuweka wapi.

Jumamosi, 25 Mei

Mama mkwe karuhusiwa. Manesi walimpakia, wanawake wa kanisa wakamshusha, wote wakiimba, mimi nyuma natazama majani chai. Yamepanda sana, hayajachumwa kwake wiki nyingi. Kidonda kitasafishwa kila Alhamisi kama mwanzo, na Rael atakuwa shuleni kama mwanzo. Nimelifikiria jambo hili jioni yote. Siwezi kuliingiza gari mtaroni kila wiki, na jua likirudi mtaro utafukiwa.

Jumatatu, 27 Mei

Rael amerudi kutoka kwa mama yake na ufito mkononi. Akauegemeza kwenye kiti changu.

Nilimuuliza ni wa nini. Alisema leo alimkuta mama yake amepanga matofali mbele ya ghala, anakanyaga moja, anaongeza la pili, anakanyaga, anaongeza. Amekatazwa kusimama. Alipofika mahali mguu ulipokataa, akatoa tofali moja, akasimamisha ufito kando ya yaliyobaki, akaukata alama kwa panga.

"Amesema umpelekee fundi wako," Rael akasema.

Nimeitazama alama ile muda mrefu. Imekatwa vizuri, pande zote mbili. Kupima mguu wake ilikuwa kazi ya matofali machache tu. Nami nilikwenda Kedowa na maneno.

Jumanne, 28 Mei

Njoroge alikataa kwanza. Alisema ni aibu kuishusha kazi kama ile, watu watasema imemshinda. Nikampa ufito. Akauliza ni inchi ngapi. Nikamwambia sijui, sakafu ya mlango isimame hapo kwenye alama.

Akaugeuza geuza. Akauliza ni wa nani, nikamwambia. Akaingia chini ya gari papo hapo. Amerudisha springi chini ya ekseli, akaweka vile vyuma virefu, akaongeza bamba moja jembamba kila upande, la zamani lililokwisha kulainika. Kila mara alikuwa anasimamisha ufito mlangoni na kuchuchumaa kuangalia. Mwishoni akapunguza kidogo urefu upande wa abiria.

Kwenye tuta difu imekwaruza njia nzima, lakini nimepita. Nitakuja na jembe nilipunguze kidogo kidogo, asubuhi kabla ya ng'ombe. Mgongo unauma tayari nikifikiria.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua imepumzika. Ufito niliuacha jana jioni mlangoni kwake, na leo alitoka nao.

Nilisimamisha gari, nikashuka, nikaenda nyuma. Majirani wanamchumia sasa, mistari imekaa sawa. Nikasikia ufito ukigonga sakafu ya gari. Nikasikia pumzi moja, ndefu. Ndama alikuwa ananitazama, hakuambiwa kitu.

Kisha mlango ukafungwa. Nikarudi mbele, nikageuza kioo, nikawasha gari.