Kwa Kandida, Mwenye Vinyonga Namba 31 na 32

Hukuwa na shahada. Hukuwa na darubini, wala koti jeupe, wala ofisi. Kitabu chako cha wanyama watambaao hakikuwa na jalada, na Kiingereza chake uliniletea mimi nikutafsirie, kwa kuwa nilisoma shule ya usiku.

Mdogo wangu Kandida, leo umetimia mwaka mmoja tangu utuache, Septemba 1995, hapa nyumbani Kijenge.

Shamba la kahawa ulikofanya kazi lilipopata mmiliki mpya ukapunguzwa, ukauza mitumba kama wenzako. Lakini kila Jumamosi ulipanda vilima vya juu ya Momela, nje ya mpaka wa hifadhi, kutafuta vinyonga vichakani. Ulihesabu magamba, ukapima mkia, ukaandika kikaratasi chenye namba kwa penseli, ukakitia chupani pamoja na kinyonga, huku chai yako inapoa. Wanawake wa sokoni walikutania, "Mama Lucky, hao watoto wako wa kwenye chupa wamebatizwa?"

"Bado," ukawajibu. "Wawili hata jina hawana."

Ulikuwa mpole. Mjusi akiingia jikoni ulimsindikiza nje kwa ufagio, ukimwomba radhi.

Siku moja ukaniambia, "Kaka, niandikie barua kwa yule mtaalamu wa ng'ambo aliyetajwa kitabuni." Nikakuandikia. Tulimpelekea kinyonga mmoja mchanga, tukamweleza kwamba wakubwa wawili, namba 31 na 32, umewahifadhi kwenye spiriti. Mkono ulioandika maneno hayo ni huu wangu.

Siku ya msiba nyumba ilijaa watu. Nilimwona mama mmoja akichungulia chupa zako, akafunika mdomo kwa kanga. Niliona haya. Kabla hatujakuzika nilizibeba zote, nikamwaga vilivyomo kwenye shimo la taka migombani. Sikumwuliza mtu.

Miezi mitatu baadaye jibu lilikuja. Mtaalamu alisema kinyonga wako hafanani na yeyote anayejulikana, ila yule mchanga peke yake hatoshi. Aliomba atumiwe wale wakubwa wawili. Alitaka kumpa kinyonga huyo jina lako.

Nilifukua kwa mikono. Nilipata vikaratasi vyao tu, penseli yako bado inasomeka. Tangu hapo, nikikata majani ya mgomba mchana kweupe, naona mkono mdogo umeshika kikonyo, na jicho moja linageuka kunitazama. Nikisogea, hakuna kitu. Mke wangu Aika huniuliza nimeona nini. Namjibu, "Jani."

Nimemwandikia barua tatu nikisingizia kwamba mvua ndiyo iliyowaharibu, nisiitume hata moja. Mwanao Lucky aliisoma ya tatu.

"Mjomba, mvua ndiyo iliyofungua vifuniko?"

"Sasa nimwambieje mgeni kwamba nilimwaga mimi?"

"Mama alikuwa akikwambia andika, unaandika. Basi andika."

Barua ya nne inasema nilichofanya. Inaeleza pia vile vichaka viko wapi, ili akiweza aje atafute mwenyewe. Huenda asiwapate. Huenda kinyonga wako akabaki bila jina, na kosa hilo ni langu, si la mvua.

Unakumbukwa na mwanao Lucky, wifi yako Aika, shangazi Anande wa Kikatiti, na mimi kaka yako Reginald. Maisha yetu yote tutakukumbuka.

Leo asubuhi, mbele ya hao wote, nimeifunga bahasha ya barua hiyo ya nne kwa gundi, nikaipeleka posta mwenyewe kwa rejista. Karani ameigonga muhuri, akaitupia kwenye gunia la ng'ambo.