Tajiri Mmoja, Kampuni Tatu

Dada yangu,

Shikamoo. Mafua yameniacha. Sweta ulilonifumia limenikaa vizuri, ila mkono mmoja umeuzidi mwenzake. Nalivaa hivyo hivyo.

Nimehamishwa kutoka kampuni ya kufua nguo, sasa niko hotelini. Tajiri ni yule yule, geti lile lile, hata sare haikubadilika. Nikadhani kesho yake naanza kazi. Mama wa ofisi ya wafanyakazi akanizuia mlangoni.

“Kibali chako cha kufanya kazi nchini humu kilikaguliwa kwa kazi ya kule. Hoteli ni kampuni nyingine, mwanangu. Tunakagua upya, usubiri kibali kipya.”

Nilinuna. Juma zima nilishinda chumbani nikimsema, na mwenzangu ninayeishi naye akinicheka. Yeye alihamishiwa kampuni ya mikate siku ile ile, na msimamizi wake akamwingiza moja kwa moja. “Sisi sote nyumba moja,” alimwambia.

Jumanne wakaja watu wa uhamiaji. Mimi waliangalia kibali changu kipya wakanirudishia. Cha mwenzangu kilikuwa bado cha kufua nguo. Ameamriwa aondoke nchini.

Yule mama nimemshukuru mpaka akaona haya. Nakushukuru na wewe kwa dua zako, maana nimeponea chupuchupu.

Lakini nilipougua, aliyekesha akinikanda kwa maji ya moto ni huyo mwenzangu. Hana wazazi, wala hana pa kufikia. Ndiye aliyekukabidhi barua hii. Kama bado amesimama mlangoni, mwambie aingie aketi.

Mdogo wako