Aliyenibinulia Mdomo

Jumamosi, 6 Juni
Sokoni Makambako tangu saa moja. Baridi ya kukata masikio. Magunia mawili ya viazi yametoka. Mwanangu Upendo aliniletea chai, nikamtuma beseni, akanibinulia mdomo. Mbele ya wateja! Ana miaka tisa tu. Nilimpiga kofi la mgongo. Alilia jicho la kushoto limekodoa. Nikajua anajifanya.

Jumapili, 7 Juni
Wifi Rehema, dada wa mume wangu, kaja kutoka Njombe. Alimtazama Upendo anavyokunywa uji, unamchuruzika upande wa kushoto. Akamwambia afumbe macho. Moja likagoma.
"Huyu anaumwa, wifi," akasema. "Hakukubinulia mdomo."
Mimi ndiye mama. Nimemwosha uso huo na sikuona. Yeye kaona kwa bakuli moja la uji.

Jumatatu, 8 Juni
Hospitali, Njombe. Daktari alimchungulia masikio, akamwambia akunje paji la uso, ajaze mashavu upepo. Mshipa wa fahamu wa uso umevimba, ndiyo maana upande mmoja umelala. Katoa vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe, kila asubuhi baada ya kula, visikatishwe. Matone ya jicho, na plasta ya kulifunga akilala. Alisema watoto wengi hupona hata bila vidonge, lakini tumewahi, basi tumpe. Akauliza nani aliyegundua mapema hivi. Nikaanza kukunja cheti cha dawa. Wifi naye akamfunga Upendo vifungo vya sweta. Afadhali angejisifu.
Upendo kabaki kwake, karibu na hospitali. Baba yake yuko Kifanya anapasua mbao, na mimi viazi vitaniozea.

Alhamisi, 11 Juni
Nimepiga simu. Upendo kala makande, kala viazi, kaomba tena. Wifi anacheka, eti kwake mtoto anakula. Kwangu alikuwa anashinda njaa? Njaa hiyo ni ya vidonge, daktari alishasema. Nikamkumbusha, kwa sauti isiyo nzuri.
Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 13 Juni
Nimemfuata mtoto wangu. Wifi alinisihi tungoje Jumatatu, siku ya kurudi kwa daktari. Nikamjibu kwamba hata mimi najua kumlisha mtoto kidonge. Kamsuka nywele vizuri. Hilo nalo limeniudhi.

Jumapili, 14 Juni
Mjinga mimi. Vidonge nimeviacha Njombe, dirishani kwa wifi. Nilizunguka maduka ya dawa ili nisimpigie wifi simu. Wakataka cheti, na cheti kiko kwake. Mwisho nikapiga. Alikuwa ameshapanda gari, vidonge viko kwenye mkoba.
Alifika saa nne. Upendo alimkimbilia, na kona ya kushoto ya mdomo ikapanda. Kidogo, lakini ilipanda. Tabasamu la kwanza, na kampa yeye.
Nilikwenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Jumatatu, 15 Juni
Daktari ameridhika. Vidonge vitapunguzwa kidogo kidogo mpaka viishe. Nimemrudisha Upendo kwa shangazi yake mpaka hapo, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikulia mpaka stendi.

Jumatano, 24 Juni
Vidonge vimeisha. Kesho anarudi nyumbani. Nimefagia mara mbili.

Jumapili, 28 Juni
Tumetoka kanisani. Wifi naye yuko, kalala ndani, kachoka na safari. Nilikuwa namenya viazi jikoni. Nikamtuma Upendo maji. Akanibinulia mdomo.
Kushoto na kulia, mpaka pua ikakunjamana. Kisha akakumbuka, akajikunja akingoja kofi.
Niliweka kisu chini.
"Rudia," nikamwambia.
Alinitazama kwanza. Akarudia, polepole.
Tabasamu alimpa shangazi yake. Mdomo huu uliobinuka ni wangu. Maji nimekwenda kuchota mwenyewe.