Jarida la Sheria za Ulaya na Kamba wa Shangazi

Alhamisi, kijijini Mbuchi, kando ya mto. Jua kali tangu asubuhi, jua zuri la kuanika kamba. Nalitazama kutoka dirishani, maana uso wa kutoka nje sina.

Wiki iliyopita nilitembea kifua mbele. Nilirudi likizo kutoka chuoni na jarida la sheria za Ulaya kwapani, nene, la kuazima maktaba. Nilikwenda nalo hata kisimani. Makala nyingi humo sikuzielewa.

Nilikuta kijiji kimeduwaa. Tangu biashara iachiwe huru, boti za kampuni huja kununua kamba wetu wabichi wapelekwe Ulaya. Sasa Ulaya wamewakataza, eti si salama, na boti hazionekani. Shangazi Zuhura, aliyenilea, alikuwa na matenga mawili ya kamba kwenye barafu iliyoachwa na boti ya mwisho. Alishabandika sufuria awachemshe kwa chumvi na kuwaanika jamvini, kama akina mama wa hapa wafanyavyo mnunuzi asipotokea.

Akaniuliza, "Mwanangu, msomi wetu ni wewe. Hicho kitabu chako chasemaje?"

Profesa mmoja ameandika humo kwamba katazo lile halina msingi na linapaswa kuondolewa. Ni maoni yake tu. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba maoni ya profesa si sheria.

Nilijua.

Nilijua, na bado nikamjibu, "Sheria imeshawafungulia kamba njia, shangazi. Usichemshe. Boti zinakuja."

Akaipua sufuria. Wenzake watano wenye kamba nao wakaipua zao.

Siku tatu walikaa wakitazama mtoni, barafu ikayeyuka. Jana wamewafukia kamba wote nyuma ya nyumba, na harufu imeingia hadi chumbani ninamoandikia.

Afadhali angenigombeza. Anawaambia wenzake kwamba mwanawe alisoma sawasawa, ni Wazungu waliogeuza maneno. Ananitetea kwa moyo mweupe, nami naendelea kula chakula chake.

Asubuhi hii amepata kamba wengine. Amesimama mlangoni kwangu, sufuria mkononi. "Leo kitabu chasemaje? Nichemshe, nisichemshe?"

Nimemwambia achemshe. Ameitikia, "Haya, mwanangu," akaenda kuwasha moto, akiamini hilo nalo nimelisoma kitabuni.

Yuko jikoni peke yake. Maji hayajachemka bado. Nitanyanyuka nikamwambie kwamba nilijua, au nitaendelea kuandika?